Mgeni wa Alhamisi na Dawa za Mama

Mimi ni muuza vitenge. Nimeuza vitenge katika soko kubwa la Makiso, hapa Kisangani, tangu mwanangu wa kwanza akiwa mgongoni, na leo mwana huyo ana ndevu. Kwa hiyo mtu asije kunifundisha habari za kushawishi watu. Nikimwona mama anapita polepole mbele ya meza yangu, macho yake yako kwenye kitambaa na mkono umebana pochi, ugonjwa wake nimeshaujua. Simtajii bei. Nakunjua kitenge, namtupia begani, narudi nyuma hatua moja, naweka mkono mdomoni. "Aka! Mama, hii rangi ilikuwa inakungoja weye." Basi, kazi imekwisha. Kitenge kikishalala begani, kukitoa ni kama kujivua nguo mbele ya watu. Wengi hununua kwa aibu. Sijivunii, lakini wala sijifanyi malaika.

Nasema haya ili mjue kwamba niliposimama kupigana na wale wauza unga wa majani, ati dawa ya kila ugonjwa, sikusimama kama mshamba. Nilisimama kama mwenzao wa kazi. Na kwa sababu hiyo niliwadharau mara mbili: kwanza kwa uwongo wao, pili kwa kuuza uwongo huo kwa mama yangu.

Mama anakaa Kabondo, peke yake, katika nyumba aliyoijenga baba. Sisi ni wa zile familia za Waislamu zilizofika hapa zamani na misafara ya biashara, na kwetu adabu ya mgeni iko jirani kabisa na dini. Wakati wa mvua, kabla ya hao wauza unga kufika, mama alianguka uani akiwa anawapa kuku chakula. Tulipomwinua, mdomo ulikuwa umekwenda upande na mguu wa kushoto hautaki kumsikia. Ilikuwa ni tension, kama tunavyosema hapa, damu imempanda. Mungu alimhurumia. Mdomo ukarudi, mguu ukabaki unaburuta kidogo tu. Daktari akaniambia mimi, siyo yeye: kidonge kimoja kila asubuhi, maisha yake yote, na asikose, maana akianguka tena hatainuka.

Kila asubuhi nilipanda toleka, yaani baiskeli ya abiria, kutoka kwangu, nikamwambia mwenye baiskeli aningoje mlangoni, nikaingia. "Mama, umelala salama?" Kidonge mkononi, kikombe cha maji, haya meza, nikatoka mbio kabla soko halijajaa. Siku zote saba za wiki. Nilijiona binti mwema kupita mabinti wote wa Kabondo.

Wale wauza unga walianza kwa mwaliko. Kijana mmoja alipita mtaani akigawa karatasi kwa wazee, ati kuna mkutano wa afya huko Makiso, bure, na soda itakuwepo. Mama alitaka kwenda. Nikamsindikiza, kwanza kwa sababu ya mguu wake, pili kwa sababu neno "bure" huniwasha mwili mzima. Mimi mwenyewe nikisema bure, jua kuna kitu nimeshakifunga kwenye bei.

Ukumbi ulikuwa umejaa viti vya plastiki na muziki wa kupasua masikio. Akapanda jukwaani baba mmoja mwenye suti na tai, katika joto lile la kupika yai. Akatuita familia. Hatujuani, hajui hata tunakaa wapi, tayari sisi ni familia! Akatusifu tulivyo watu wenye bahati, kwamba wengine walialikwa wakapuuza, watajuta. Halafu akashusha sauti.

"Bon, familia. Nani hapa amezika mama ao papa yake? Ainue mukono."

Mikono yote juu. Katika mji wetu, asiyezika bado hajazaliwa.

"Fungeni macho. Muone sura yake. Muone ile siku ya mwisho. Alikutazama. Alikuwa anaomba kitu. Weye ulimupa nini?"

Yamungu! Ukumbi mzima ukaanza kulia. Mabibi wanashika vichwa, wazee wazima wanapenga makamasi. Nami nilianza kulia, nisiwafiche, maana baba yangu naye alinitazama siku ile. Lakini nikafungua jicho moja. Na nilimwona yule mwenye suti, katikati ya kilio chote kile, anatazama saa yake.

Hapo nikapona. Tangu siku ile, mtu akiniliza nakumbuka kufungua jicho moja.

Kisha akaletwa mzee wa ushuhuda. Ati alikuwa kiwete miaka mingi, akanywa unga, na leo anatupa fimbo yake mbele yetu. Akaitupa kweli, watu wakapiga vigelegele. Mimi niliitazama fimbo. Ncha yake ilikuwa safi, haijawahi kugusa tope la Kisangani hata mara moja. Loo, wenzangu hao! Mimi nikitaka kusema kitenge hakichuji, angalau nakilowesha maji kidogo mbele ya mteja.

Mwisho wakashuka mabinti na makopo ya unga. Kila binti alikwenda kwa mzee mmoja, akapiga magoti, akanyoosha kopo kwa mikono miwili. Nikasema moyoni, hawa wametusoma. Kwetu kitu unacholetewa na mtoto aliyepiga magoti hukirudishi, hata kiwe jiwe. Mama akalipokea. Nikamnong'oneza, "Rudisha." Akanitazama kama niliyemwambia ateme mate kwenye mkeka wa kuswalia.

"Mutoto amepiga magoti," akasema.

Wao walifanya kwa magoti kile ninachofanya mimi kwa bega. Mama akafungua fundo la kitenge chake, akatoa pesa alizokuwa akiweka kwa ajili ya bati la jikoni, na hiyo "familia" ikatuonyesha mlango. Soda yenyewe ilikuwa ya moto.

Yangeishia hapo ningecheka hadi leo. Lakini yule binti aliyempigia mama magoti alifika nyumbani Alhamisi iliyofuata. Na Alhamisi nyingine. Na nyingine. Nilimkuta mara ya kwanza siku niliyosahau funguo zangu kwa mama nikarudi mchana. Msichana msafi, sauti laini kama anaongea na mtoto anayelala. Ameketi kwenye mkeka, mguu mbovu wa mama uko mapajani mwake, anaukanda kwa mafuta. Rika lake lote pale mtaani humwita mama yangu koko, yaani bibi. Yeye alimwita mama.

"Karibu, yaya," akaniita dada mkubwa, mimi mwenye nyumba!

Niliketi pembeni nikamsikiliza, kama fundi anavyomsikiliza fundi mwingine akipiga nyundo. Alikuwa akisimulia habari za mama yake mzazi aliyekufa. Ati watoto walimlazimisha dawa za hospitali, kidonge juu ya kidonge, mpaka moyo ukachoka. "Walikuwa wanamupenda, mama, lakini walikuwa na haraka." Akafuta chozi kwa nyuma ya mkono. "Mi siwezi kukuambia acha dawa. Mi si daktari. Mi naogopa tu kukupoteza weye pia."

Ebo! Hakusema acha. Hakuna mtu angeweza kumshtaki kwa neno hata moja. Lakini alichukua mama mfu na kumweka katikati ya chumba, akachukua watoto wabaya akawaweka mlangoni, na mlangoni palikuwa na mtoto mmoja tu, naye ni mimi. Maneno matamu humtoa nyoka pangoni, wazee walisema. Huyu angemtoa nyoka, akamkanda mgongo, akamuuzia kopo.

Jioni nilimwambia mama, "Huyu ni mwongo." Mama akasema, "Ule mutoto iko na roho muzuri." Tukaachia hapo.

Wiki mbili baadaye kikombe kilimtoka mama mkononi asubuhi, mbele yangu. Hakikuteleza, vidole viliachia tu. Nikamwita jirani yetu nesi, akaja na mashine yake, akapima, akanitazama, akapima tena. "Anameza dawa?" Nikasema, "Kila siku, mbele yangu." Nesi akamgeukia mama. Mama akageuka kutazama kuku uani, na mama akigeuka hivyo, kuna jambo.

Nilipekua chumba. Vidonge vilikuwa ndani ya soksi ya marehemu baba, chini ya mto. Kumi na vitatu. Kila asubuhi alikiweka chini ya ulimi, akanywa maji, akaningoja nipande toleka, akakitema. Niliketi kitandani na ile soksi mkononi. Niliogopa. Sijawahi kuogopa vile, hata siku zile za vita na risasi mjini. Kifo cha mama kilikuwa kimekaa ndani ya soksi, na mimi nilikuwa nikipita mbele yake kila asubuhi nikisema haya, meza.

Basi nikamhutubia. Nilimweleza yote, kwa mpangilio, kama mwalimu. Kwamba yule mwenye suti alitufanya tulilie wafu wetu ili tusiwe na akili ya kuuliza kilichomo ndani ya kopo. Kwamba fimbo ilikuwa mpya. Kwamba ukiambiwa leo tu, kesho hakuna, ujue kesho wanarudi. Kwamba mtu anayekuogopesha kifo na papo hapo ana dawa mkononi, kifo hicho amekuja nacho yeye. Nilisema hata habari za kitenge na bega, siri ya kazi yangu ya miaka yote. Mama alikuwa anachagua mchele. Akatoa jiwe dogo, akalitupia kuku.

"Umemaliza?" akasema.

Sasa nikapandwa na hasira. Nikazunguka mtaani kuuliza. Yule binti alikuwa na wazee wengine wawili kwenye avenyu ileile, kila mmoja na siku yake. Bibi wa kwanza akaniambia mama yake yule binti amezikwa Opala. Wa pili akasema hapana, ni Isangi, binti mwenyewe alimwambia huku analia. Na mama yangu alikuwa ameambiwa Buta. Mama mmoja, makaburi matatu! Hata wafalme hawazikwi hivyo.

Alhamisi nilifunga meza yangu mapema, nikaenda Kabondo. Nilimkuta binti anakula. Mama alikuwa amempikia lituma na samaki, lituma yenyewe, ndizi zimepondwa na mkono wa mama uleule uliokuwa unaangusha vikombe. Mimi sikumbuki lini alinipikia lituma. Nikasimama juu yake.

"Mama yako alizikwa wapi?"

"Buta, yaya."

"Isangi je? Opala je? Au mlimgawana vipande?"

Akaacha kutafuna. Machozi yakaja, tena haraka, ya moto, yanatiririka vizuri. Nikamwambia, "Lia vizuri, Alhamisi bado ndefu." Na kwa kuwa machozi hayakunitosha, nikafanya jambo ambalo hadi leo linanipa aibu. Niliinama, nikachukua sahani mbele yake, na chakula kikiwa bado kinywani mwake.

Asiyekulia kwetu hataelewa. Mgeni unaweza kumchukia, unaweza kumnyima salamu akishatoka, lakini mgeni mwenye chakula mkononi ni wa Mungu. Hata mwizi hungojwa amalize tonge. Mama hakupaza sauti.

"Rudisha sahani."

Sikurudisha. Binti akainuka na vidole vyenye lituma, akatoka hivyohivyo bila kunawa. Na mama yangu, mgonjwa, mwenye damu iliyopanda, akachukua birika la maji na beseni, akamfuata kwa ule mguu unaoburuta hadi barabarani, akamnawisha mikono mbele ya majirani, mbele ya wenye toleka, mbele ya kila mwenye macho. Mgeni njoo, mwenyeji apone, wanasema. Mwenyeji mimi nilibaki ndani na sahani mkononi, nimeshinda vita na sina pa kuweka uso.

Kuanzia hapo mama alikataa kabisa. Hakuficha tena. Asubuhi nilimpa kidonge, akakiweka kwenye kiganja changu, akanikunjia vidole juu yake, taratibu. Siku ya kwanza. Siku ya pili. Nesi akapima, akatikisa kichwa. Siku ya tatu nilikuwa sina akili tena.

Nikapiga magoti. Mimi! Nikashika kifua. "Mama, ukikufa watu watasema mimi ndiye nimekuua. Unataka nitembee na hiyo aibu? Papa aliniachia weye mukononi. Yeye iko anatuona sasa. Yeye iko analia, mama." Machozi yakanitoka, na nisiseme uwongo, nusu yalikuwa ya kweli, nusu niliyasukuma. Nje mwenye baiskeli akapiga kengele, maana nilikuwa nimemweka muda mrefu.

Mama alinitazama kwa makini, kichwa upande. Halafu akacheka. Kicheko kidogo, cha mdomo uliowahi kwenda upande.

"Alors, hata papa yako umemuamusha kwa kaburi?" akasema. "Weye na ule mutoto, mulisoma masomo moja?"

Nikabaki palepale na magoti yangu.

"Unafikiri mi niko mujinga? Mi najua anadanganya. Nilijua tangu Alhamisi ya kwanza. Mutu aliyezika mama yake hasemi hivyo, kama redio. Ule unga mi nawapa kuku."

"Sasa kwa nini unatema dawa?" Nilipiga kelele.

"Juu ya weye, sababu ni weye." Alisema bila ukali, na hilo ndilo lililoniumiza. "Yeye ananidanganya, lakini anaikala chini na mi. Ananishika mguu, ananiuliza nilikuwa musichana wa namna gani, sauti ya papa yako ilikuwa namna gani. Weye unaniambia ukweli kila asubuhi, na umesimama. Kiatu hauvui. Unanipa dawa kama mutu anafunga mulango. Nikaona, nikipona na hii dawa, mi napona juu ya nani?"

Kengele ikalia tena. Mimi, mwenye maneno ya kumuuzia hata kipofu kitenge, nilikuwa nimeutambua kila ujanja wa yule binti, nimeuhesabu, nimeucheka, na katika yote hayo sikuona kwamba mama alikuwa anauona ujanja ule kuliko mimi, na anaulipia kwa hiari, kwa sababu upendo wa kweli haukuwa dukani.

Nikatoka nje, nikamwambia mwenye toleka aende zake. Nikavua viatu. Nikavuta mkeka, nikaketi, na kwa kuwa sikujua nianzie wapi nikauweka ule mguu wake mapajani mwangu, nikaanza kuukanda vibaya, kama anayefua jinzi.

"Polepole," akasema mama. "Haya. Soko iko namna gani?"

Nikafungua mdomo kusema salama, kama kila siku. Nikaufunga. Halafu nikaanza kumsimulia soko, kweli, tangu asubuhi ya jana, nani alinunua, nani alinitukana, nani alinidanganya na nani nilimdanganya mimi. Kuna mahali nilipofika nikalia bila kujua, na safari hii hakuna aliyekuwa anauza kitu.

Mama akanyoosha mkono.

"Lete hiyo dawa," akasema. "Na usilie tena leo. Ule mutoto anajua kulia. Weye haujui."

Akakimeza kidonge, akafungua kinywa, akainua ulimi ili nione.